Siku za gereji nazo ni hasara

Hapa Kigoma mtu akigongwa gari anajua kudai bampa, taa na rangi. Zile wiki ambazo gari limelala gereji huku yeye akihangaika na bodaboda na mizigo, hizo anazimeza. Anaziita mkosi, anamshukuru Mungu kwa uzima, yanaisha. Mimi sikuzimeza. Nilidai gari la kutumia mpaka langu litengenezwe, nikabishiwa, nikabisha, na mwishowe nikalipwa sehemu kubwa ya nilichodai. Naandika kwa ajili ya yule aliyegongwa jana, kwa sababu karibu kila kilichonisaidia nilikifanya katika wiki ya kwanza.

Nauza vifaa vya uvuvi Mwanga: nyavu, kamba, maboya, betri na taa za sola. Gari langu ni Probox. Ndilo linalopeleka mabunda ya nyavu Kibirizi na Ujiji, na ndilo linalompeleka mama yangu kliniki Maweni, maana magoti yake hayawezi tena kupanda pikipiki. Mwishoni mwa Julai 2024 nilikuwa nimesimama Mwandiga, nikimpisha mama mwenye beseni la ndizi avuke barabara. Fuso lililokuwa likitoka Kasulu na shehena ya maharage likashindwa kusimama, likanipiga nyuma. Mlango wa nyuma uliingia ndani, taa zote mbili zikapasuka, sakafu ya buti ikajikunja. Hatukuumia, si mimi wala yule mama wa ndizi. Dereva wa Fuso alishuka akaniamkia kabla ya kusema lolote, akakiri mbele ya watu kwamba breki zilimkataa.

Ya pale barabarani sitayarefusha. Trafiki walikuja, wakapima, wakachora, na baadaye nikafuatilia fomu zao za PF 90, PF 93 na PF 115, ambazo kampuni za bima huziulizia. Kama kuna majeruhi, PF 3, fomu ya polisi ya matibabu, ndiyo ya kwanza na mengine yote yasubiri. Lakini kuna jambo moja nililolifanya nikiwa bado nimesimama kwenye vumbi: niliingia kwa simu kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, nikaandika namba ya Fuso, nikaona bima yake ni ya kampuni gani na inaisha lini. Karatasi iliyobandikwa kwenye kioo inaweza kuwa ya mwaka jana. Kwenye mfumo unaona kama bima iko hai au imekufa, na ikiwa imekufa, unajua tangu dakika hiyo kwamba mtu wako ni mwenye gari mwenyewe.

Sasa niingie kwenye kiini, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapotea.

Mimi nilikuwa na bima ndogo, ile ya lazima, ambayo kwa gari dogo la binafsi nilikuwa nimeilipia shilingi 118,000 pamoja na VAT. Bima hiyo inawalinda wengine dhidi yangu, haitengenezi gari langu. Kwa hiyo dai langu lilikwenda kwa kampuni iliyolikatia bima lile Fuso. Kule mimi si mteja, ni mtu wa tatu. Nilidhani hilo ni udhaifu, mpaka wakili mmoja wa hapa mjini aliponifafanulia. Mwenye bima kubwa, ile inayolipia hata gari lake mwenyewe, akidai kwenye kampuni yake anafungwa na mkataba aliosaini, na mikataba mingi ya bima kubwa inasema wazi kwamba hasara inayotokana na kukosa kulitumia gari hailipwi, isipokuwa umekinunua kipengele hicho kwa nyongeza. Mtu wa tatu hana mkataba wa kumfunga. Anadai kile ambacho aliyemgonga anawajibika kukirudisha, na kampuni inasimama mahali pa mteja wake, hadi kikomo cha bima ile. Kama uzembe wa dereva umenifanya nikodi gari, kukodi huko ni sehemu ya hasara sawa na mlango uliobonyea.

Wakili akaongeza jambo ambalo nililiandika kwenye daftari palepale: mahakama zetu hazilipi hasara ya fedha inayohesabika kwa huruma. Lazima uitaje kwa kiasi chake na uithibitishe, kila shilingi. Kwa hiyo hata kama hufikirii kwenda mahakamani, jiandae kama mtu anayekwenda. Kampuni ya bima nayo inaliangalia dai lako kwa jicho hilohilo: huyu tukimkatalia, ana nini mkononi?

Niliandika barua mbili zenye maneno yaleyale, moja kwa kampuni na moja kwa mwenye Fuso. Nilisema gari haliwezi kutembea kwa kuwa halina taa za nyuma na mlango haufungi. Nilisema ni la kazi na la mgonjwa, na kwamba sina lingine. Kisha nikaomba moja kati ya mawili: ama wanipe wao gari la aina ileile, ama wakubali kwa maandishi nikodi kwa gharama zao. Nikaorodhesha bei za siku nilizopewa na watu watatu wenye magari, nikataja tarehe ya kunijibu, na nikasema tarehe hiyo ikipita kimya nitakodi kwa bei ya kawaida na kuwaletea risiti. Nakala ikagongwa muhuri wa kupokelewa kwa wakala wao. Muhuri ule ulifanya kazi kuliko kitu kingine chochote kwenye faili langu, kwa sababu miezi iliyofuata hakuna aliyeweza kusema, "Ungetuambia mapema tungekupatia la kwetu kwa bei nafuu."

Jibu halikuja kwa barua, lilikuja kwa simu. Ofisa madai, kijana mwenye sauti ya upole, aliniambia, "Bima inalipa chuma, mama. Usumbufu hailipi."

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi sijadai usumbufu. Nadai hela itakayotoka mfukoni mwangu kwa sababu mteja wenu amenigonga. Hilo ulilolisema niandikie kwa barua, na utaje kifungu unachokitumia."

Barua ile hakuiandika. Na mimi nikamtumia ujumbe siku hiyohiyo kwa barua pepe: leo saa fulani umenipigia, umesema hivi, nami nimejibu hivi. Simu zote zilizofuata nilizifanyia vivyo hivyo. Mtu anayejua kwamba maneno yake yanaandikwa huchagua maneno.

Baada ya tarehe niliyoitaja kupita, nikaanza kutafuta gari. Kwenye mji mkubwa labda utaingia ofisi ya kukodisha magari, usaini, upewe funguo. Kigoma gari la kukodi ni la mtu unayemfahamu au anayefahamika na unayemfahamu, na makubaliano ni ya mdomo. Urahisi huo ndio unaoua dai. Jirani yangu alikuwa tayari kunipa Noah yake kwa shilingi 40,000 kwa siku, bila karatasi yoyote. Ni mtu mwema na gari lake zima. Lakini lilikuwa na namba za njano, yaani limesajiliwa kwa matumizi binafsi, na bima yake ilikatwa hivyohivyo. Akilikodisha kwa pesa, gari limeingia kwenye biashara ambayo kampuni yake ya bima haikuambiwa. Nikigonga mtu nalo pale Katubuka, kampuni ina sababu ya kujitoa, na mimi na jirani tubaki tunatazamana. Nilikaa naye barazani nikamweleza hivyo bila kumficha. Alielewa, na urafiki wetu upo.

Nilikodi kwa mzee mmoja wa Gungu anayefanya biashara hiyo kwa leseni. Gari la namba nyeupe, bima kubwa ya biashara, mashine ya EFD ya kutolea risiti mezani. Bei yake ilikuwa 70,000 kwa siku, na nilijua kampuni ingeuliza kwa nini sikuchukua la 40,000. Jibu nilikuwa nalo kwa maandishi kabla hawajauliza. Lilikuwa Probox kama langu, si zuri zaidi. Mwanangu wa kiume alinishawishi nichukue Prado, kwa kuwa wanaolipa ni wao. Nilikataa. Aliyekugonga anawajibika kukurudisha pale ulipokuwa, si kukupandisha, na ukizidisha aina ya gari unampa mkadiria hasara sababu ya kupunguza bei ya kila siku, hata za siku ulizostahili kabisa.

Mkataba wetu ulikuwa ukurasa mmoja: majina, namba ya gari, kilomita zilizosomeka siku ya kukabidhiana, bei ya siku, kwamba mafuta ni yangu, kwamba naendesha mwenyewe kwa leseni yangu. Kuna sentensi moja niliyoing'ang'ania: nikipata ajali nalo, ile ekses, yaani sehemu ya hasara ambayo mwenye bima hubeba mwenyewe kabla kampuni haijalipa, itabebwa na nani? Mzee alisema yangu, tukakubaliana kiwango, tukakiandika. Tulipiga picha kila mkwaruzo. Mtendaji wa mtaa alishuhudia. Yule mzee aliniambia kwamba kwa miaka yote aliyokodisha hakuna aliyewahi kumwandikisha hivyo, lakini mteja wake aliyefuata alimwandikisha kwa karatasi ileile.

Nililipa kila wiki na kuchukua risiti kila wiki. Mara ya kwanza risiti ilitoka imeandikwa "huduma" tu. Nikaomba itolewe nyingine yenye kukodi gari, namba yake na tarehe kutoka hadi. Risiti ya "huduma" inaweza kuwa ya harusi.

Kabla ya hapo, siku za mwanzo kabisa, nilitumia pikapu ya baba mdogo, bure. Shemeji mmoja aliniambia nimwombe baba mdogo aandike risiti ya siku zile, kwani nani atajua. Sikuomba, na siku zile sikuzidai. Mbali na kwamba ni uongo, dai moja la uongo linaambukiza yale ya kweli yote yaliyo kwenye faili. Mafuta pia sikudai, kwa sababu hata Probox langu lingekuwa zima ningeyanunua.

Daftari langu la siku lilikuwa na safu tatu: tarehe, gari lilikotumika, na gari langu linasubiri nini. Hiyo safu ya mwisho ndiyo iliyonilipa. Fundi hakuruhusiwa kugusa kitu kabla mkadiria hasara wa kampuni hajalikagua gari, na mkadiria alitoka nje ya mkoa, hakufika haraka. Siku hizo niliziandika "kusubiri ukaguzi". Zikafuata za "kusubiri idhini ya matengenezo". Halafu "kusubiri mlango na taa kutoka Dar es Salaam", maana maduka ya vipuri hapa hayakuwa na mlango wa aina ile ambao haujagongwa. Mwisho zikaja chache za kunyoosha na kupaka rangi. Kampuni iliposema kwamba gari la namna ile hutengenezwa kwa siku chache tu, nilikubaliana nao kabisa, nikawaonyesha kwamba fundi alitumia siku chache kweli. Zilizobaki zilikuwa zao. Fundi alinipa barua ya gereji yenye tarehe alizopokea idhini na vipuri, ikafanana na daftari.

Ubishi mkubwa ulikuwa mwingine, na ni wa Kigoma hasa. Mwaka ule ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Mkadiria hasara alilijua hilo, akaniuliza: wewe unauza nyavu, ziwa limefungwa, gari la biashara ulilihitaji kwa biashara gani? Swali lilikuwa halali na sikulichukulia kwa ubaya. Lakini yeye hakukaa Kibirizi. Ziwa linapokaribia kufunguliwa ndipo wavuvi wanaposhona nyavu, wanabadilisha kamba, wanatafuta taa na betri, kwa sababu kila mmoja anataka awe tayari usiku ule wa kwanza. Wiki za mwisho za kufungwa kwa ziwa ni wiki zangu nzuri. Nilimfungulia daftari la mauzo na risiti zangu za EFD za Julai na Agosti, akaona mwenyewe mauzo yanavyopanda kuelekea tarehe ile. Na kadi ya kliniki ya mama ilikuwa na tarehe za Maweni ambazo hazikujali ziwa limefunguliwa au limefungwa.

Kisha ikaja mbalamwezi. Dagaa wa hapa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wengi hupumzika. Baada ya kufunguliwa kwa ziwa tu, mwezi ukajaa. Siku zile nilimrudishia mzee wa Gungu gari lake, nikawa natumia bajaji kumpeleka mama na kupeleka vitu vidogo, giza liliporudi nikalichukua tena. Nilifanya hivyo kwa sababu fedha ilikuwa inatoka mfukoni mwangu na sikuwa na uhakika wa kurudishiwa. Lakini kwenye majadiliano, zile siku ambazo sikukodi ndizo zilizomfanya yule mkadiria aamini zile nilizokodi. Mtu aliyepata hasara ana wajibu wa kutoiongeza, na mimi nilikuwa na tarehe za kuthibitisha kwamba nilijizuia.

Cheki ya matengenezo ilikuwa tayari kabla ya majibu ya kukodi. Pamoja nayo ikaja hati ya kusaini. Naomba usome hati hii hata kama fundi amesimama mlangoni anadai hela yake. Iliandikwa kwamba kwa kupokea kiasi kile nakubali kuwa ni malipo kamili na ya mwisho, na sitakuwa na dai lingine lolote kutokana na ajali ile, dhidi ya kampuni wala dhidi ya mteja wao. Ningeisaini, gari la kukodi lingeishia hapo, pamoja na daftari na mihuri yote. Ofisa alisema ni utaratibu tu. Nilimwomba aandike kwamba malipo ni ya matengenezo peke yake na dai la gari la kukodi linabaki wazi. Alikataa. Nikakaa bila cheki, na haikuwa rahisi, maana fundi ana watoto na mzee wa Gungu naye anataka chake. Nilikopa kwenye kikoba chetu cha pale sokoni kumlipa fundi, na kina mama wenzangu walinipa bila kunihoji mara mbili, jambo ambalo siwezi kulisahau.

Nikaandika barua ya mwisho, ya upole na ya ukurasa mmoja. Nilieleza dai lina sehemu mbili, kwamba ya kwanza hatubishani, na kwamba ya pili nimeambatisha mkataba, risiti, daftari, barua ya gereji na barua yangu ya kwanza yenye muhuri wao. Nikasema nisipopata jibu la maandishi nitapeleka malalamiko ofisi ya kanda ya TIRA, na ikibidi kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009. Sikumtukana mtu. Watu wengi hapa hawajui kwamba milango hiyo ipo, wanadhani baada ya kampuni kukataa kuna mahakama tu au kuna kunyamaza.

Walijibu. Walikubali siku zote za kusubiri ukaguzi, idhini na vipuri, na wakakubali bei ya 70,000 baada ya kusoma maelezo ya namba nyeupe na namba za njano. Walikataa siku mbili za mwisho ambazo gari lilikuwa limeshapona na mimi nilikuwa Kasulu msibani. Hizo walikuwa na haki nazo, nikaziacha. Bajaji walilipa zile zenye risiti, zisizo na risiti hawakulipa. Hati mpya ikaja inataja sehemu zote mbili za malipo kwa majina yake, ndipo nikasaini. Mwenye Fuso, ambaye nilikuwa namtumia nakala za kila barua, alinipigia siku ile kunipa pole upya, akasema laiti angejua tangu mwanzo kwamba kampuni yake inaweza kulipa hilo, angekuwa amewasukuma yeye.

Bima yangu ilipoisha nilikata kubwa, maana siku nyingine anayekugonga anaweza kuwa hana bima kabisa. Nilikwenda na maswali matatu kuhusu kipengele cha gari mbadala. Kinalipa shilingi ngapi kwa siku na kwa siku ngapi? Hesabu inaanza siku ya ajali, siku dai linapokubaliwa, au siku gari linapoingia gereji? Na je, naweza kukodi hapa Kigoma kwa mtu mwenye leseni, au ni lazima kwa ofisi wanazozijua wao Dar es Salaam? Wakala wa kwanza alijibu mawili ya mwanzo vizuri. La tatu akasema tutaliona likitokea. Nikaenda kwa wa pili. Yule alipiga simu makao makuu mbele yangu, akaulizia, akarudi na jibu kwamba naweza kukodi hapahapa kwa mwenye leseni na EFD, mradi niwajulishe kabla. Nilimwomba aliandike ndani ya hati ya bima yenyewe, akaliandika, nikalipa.